Prisoners (2013): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya watoto waliopotea

Nimeitazama filamu hii mara nne, na kila ninayemshawishi aitazame hurudi kwangu na maswali yaleyale. Yule baba alipona? Yule kijana alikosa nini hasa? Na ule mchoro wa vijia una maana gani? Nimechoka kujibu kwa sauti, kwa hiyo nimeandika. Nusu ya kwanza ya ukurasa huu isome hata kama hujaiona filamu. Ukifika kwenye onyo, simama, nenda kaitazame, kisha urudi.

Inahusu nini?

Ni Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Familia mbili za majirani, akina Dover na akina Birch, wanakula pamoja. Baada ya mlo, mabinti wao wadogo, Anna Dover na Joy Birch, wanaomba kwenda nyumbani kwa akina Dover kutafuta filimbi nyekundu ya Anna. Baba anaruhusu, ila kwa sharti: mchukueni kaka yenu. Hawamchukui. Wala hawarudi.

Kitu pekee kinachokumbukwa ni karavani kuukuu iliyokuwa imeegeshwa mtaani mchana ule. Usiku huohuo, mvua ikinyesha, polisi wanaikuta. Ndani yumo Alex Jones, kijana ambaye mwili ni wa mtu mzima lakini akili ni ya mtoto wa miaka kumi. Wanaipekua karavani yote; hamna unywele, hamna tone la damu. Wanamwachia. Hapo ndipo Keller Dover, baba yake Anna, fundi seremala, mtu wa sala na wa bunduki, anapoamua kwamba kazi ambayo polisi wameishindwa ataifanya yeye.

Ni kisa cha kweli?

Hapana. Ni hadithi ya kubuni ya mwandishi Aaron Guzikowski. Mswada wake ulizunguka Hollywood kwa miaka kadhaa ukisifiwa kabla haujapata wa kuutengeneza. Hata mji wenyewe, Conyers wa Pennsylvania, ni wa kubuni. Conyers halisi ipo, lakini iko jimbo la Georgia, na ni katika maeneo hayo ya Georgia ambako filamu ilipigwa, mwanzoni mwa 2013.

Nani kaiongoza, na nani wameigiza?

Muongozaji ni Denis Villeneuve, Mkanada wa Quebec. Kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa filamu za Kifaransa. Hii ndiyo iliyomfungulia mlango wa studio kubwa za Marekani. Hugh Jackman ni Keller Dover. Jake Gyllenhaal ni mpelelezi Loki. Paul Dano ni Alex, na Melissa Leo ni Holly, shangazi aliyemlea. Maria Bello ni mama yake Anna. Viola Davis na Terrence Howard ni wazazi wa Joy. David Dastmalchian ana nafasi ndogo tu, ila hutamsahau.

Muziki ni wa Jóhann Jóhannsson wa Iceland, aliyefariki 2018. Ukiisikiliza filamu hii kwa vipokea sauti vya masikioni utagundua kuwa mara nyingi hakuna muziki kabisa, kuna mvua na mlio wa friji tu, halafu unastukia kumbe vinanda vilishaanza zamani, chini kwa chini.

Mbona ndefu hivyo?

Dakika 153. Ndiyo, ni saa mbili na nusu na ushee, na kwa filamu ya upelelezi si kawaida. Lakini sijaona pa kukata. Urefu ule ndio unaokufanya uzihisi siku zikipita. Kufikia siku ya tano na wewe umechoka, hujanyoa, na uko tayari kumwamini yeyote mwenye jibu.

Inafaa kutazamwa na watoto?

Haifai hata kidogo. Marekani imewekewa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Uingereza ni kuanzia miaka 15. Mateso yanayofanyika kwa watoto hayaonyeshwi, na hilo namshukuru muongozaji. Mateso yanayoonyeshwa ni ya mtu mzima, na yanaonyeshwa kwa muda mrefu.

Na kama wewe ni mzazi wa mtoto mdogo, chagua siku. Mimi mara ya kwanza niliisimamisha katikati nikaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Picha zake mbona za kijivu kiasi kile?

Makusudi. Mpiga picha mkuu ni Roger Deakins. Jua haliwaki, ni mawingu, mvua, theluji chafu, na usiku mwanga unatoka kwenye vitu vilivyomo ndani ya tukio lenyewe: tochi, taa za magari, mishumaa, balbu moja ya jikoni. Tazama usiku ule polisi wanapoikaribia karavani. Mvua, tochi mbili tatu, na gari lile limekaa gizani kama mnyama aliyelala. Hakuna kinachoonekana vizuri, na ndiyo maana moyo unakudunda.

Kazi hiyo ilimpa Deakins uteuzi wake wa 11 wa tuzo ya Oscar. Hakushinda. Aliipata baadaye, kwa filamu nyingine aliyoifanya na Villeneuve huyuhuyu.

Ilifanya vizuri sokoni?

Iligharimu takriban dola milioni 46 ikaingiza zaidi ya dola milioni 120 duniani. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Telluride mwishoni mwa Agosti 2013, ikapita Toronto ambako watazamaji waliipa nafasi ya tatu kwa kura, kisha ikaingia kumbi za Marekani Septemba 20.

Kuna sehemu ya pili?

Hakuna.

---

ONYO. Kuanzia hapa uhondo wote unamwagwa. Kama hujaitazama, ishia hapa.

---

Basi nani aliwachukua watoto?

Holly Jones, yule shangazi wa chai na biskuti.

Yeye na mumewe walikuwa watu wa dini sana, wakihubiri kutoka mji hadi mji. Mtoto wao wa kiume akafa kwa saratani. Wakamgeuka Mungu, na vita waliyoichagua ilikuwa kuwapoteza watoto wa watu wengine, ili wazazi nao wakate tamaa, wageuke, wawe mashetani kama wao. Holly anamweleza Keller haya kwa utulivu kabisa, bastola mkononi, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Ukimsikiliza vizuri utaona kwamba mbele yake amesimama ushahidi kuwa mpango wake unafanya kazi: mtu wa sala ambaye kwa siku kadhaa amekuwa akimtesa mlemavu wa akili.

Alex ana hatia gani basi?

Aliwapandisha kwenye karavani. Basi. Holly mwenyewe anasema kijana hakuwagusa, alitaka tu kuwazungusha kidogo. Uamuzi wa kuwabakiza ulikuwa wa Holly.

Na Alex si Alex. Jina lake halisi ni Barry Milland, mtoto aliyeibwa miaka 26 nyuma, wa kwanza kabisa kuchukuliwa na Holly na mumewe. Mama yake mzazi bado yuko hai. Loki anamtembelea, anamkuta bibi kizee anayetazama mkanda wa zamani wa mwanawe mdogo, siku zote, mkanda uleule. Kwa hiyo mtu anayepigwa hadi sura inapotea ni mtoto aliyepotea, na anayempiga ni baba wa mtoto aliyepotea. Ukilijua hilo, kila pigo la nyuma linarudi kukupiga wewe.

Mbona hakusema tu ukweli?

Alisema. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo linalonifanya nimtetee kijana huyu kila mahali.

Akiwa amefungwa, anasema kwamba yeye si Alex. Anasema watoto wako kwenye mzingile (ule mchoro wa vijia nilioutaja mwanzoni), huko ndiko watapatikana. Yote mawili ni kweli tupu. Lakini Keller alikuwa anataka anwani ya nyumba, hakuwa anataka ukweli, na ukweli ulipokuja katika umbo asilolitambua alidhani anachezewa. Kumbuka pia kijana huyu alichukuliwa akiwa mdogo sana, akanyweshwa madawa, akalelewa na mtu huyohuyo aliyemwiba. Ungetaka amshitaki nani, kwa jina gani, akiwa hata jina lake halijui?

Kwa hiyo Keller alikosea tangu mwanzo?

Hapana, na hapo ndipo Guzikowski alipotega mtego wake vizuri. Siku Alex anaachiwa, Keller anamvamia nje ya kituo cha polisi, na Alex anamnong'oneza kwamba watoto hawakulia mpaka alipowaacha. Keller peke yake ndiye aliyesikia. Baadaye anamfuatilia na kumsikia akiimba ule wimbo wa Krismasi uliogeuzwa maneno, uleule ambao Anna na Joy walikuwa wakiuimba siku ya sikukuu. Keller peke yake tena.

Kwa hiyo alikuwa sahihi kwa nusu: kijana huyu aliwaona watoto. Kutoka hapo akaruka hadi mwisho: basi ndiye aliyewaficha, basi anajua walipo, basi akiumia vya kutosha atasema. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyokuwa na ushahidi. Mtu aliyekosea kabisa humwacha mshukiwa mapema. Mwenye nusu ya ukweli haachi.

Mateso yalisaidia au hayakusaidia?

Nimewahi kubishana na watu hadi usiku wa manane juu ya hili, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Keller anamteka Alex na kumfungia katika jengo kuukuu lililokuwa la marehemu baba yake. Anaanza na ngumi. Kisha nyundo, anayoipiga kwenye sinki karibu na mkono wa kijana. Kisha, kwa kuwa ni fundi, anajenga. Anachukua mbao na kuziba bafu liwe sanduku, anaacha kitundu kidogo, na ndani anafungulia maji, yanayounguza au ya barafu. Kazi nzuri ya mbao. Kona zimekaa sawa. Sijui kama kuna kitu kingine katika filamu hii kinachonitisha kama unadhifu wa lile sanduku.

Sasa hesabu alichovuna. Neno moja: mzingile. Halikumsaidia kitu, hakulielewa. Joy, binti wa akina Birch, alitoroka mwenyewe. Keller alipofika hospitalini, mtoto, akiwa bado na usingizi wa madawa, akamwambia: na wewe ulikuwepo. Keller ndipo akatambua: Joy alisikia sauti yake. Na nyumba pekee aliyokuwa ameingia akazungumza ndani yake ni ya Holly, alipokwenda kujifanya kumwomba radhi. Alikuwa amesimama sebuleni, binti yake amefichwa palepale, akaaga akaondoka.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hayakusaidia chochote. Kilichofungua fumbo ni mtoto aliyekimbia na maneno aliyoyakumbuka. Wapo wanaosema kwamba bila kumteka Alex, Keller asingekwenda kwa Holly na Joy asingemsikia. Sawa, lakini kwenda kwa Holly kunywa kikombe cha chai kulihitaji nyundo?

Na kuna tukio moja dogo. Mwanzo kabisa wa filamu, skrini ikiwa giza, tunamsikia Keller akisali Baba Yetu, kisha mwanawe anampiga kulungu risasi. Baadaye, ndani ya lile jengo, Alex akiwa kwenye sanduku, Keller anaianza sala ileile. Anafika "utusamehe makosa yetu". Anayetazama anajua kinachofuata: kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea. Keller analijua pia. Ulimi unagoma.

Vipi kuhusu wazazi wa Joy? Mbona walinyamaza?

Kwangu mimi hawa ndio wanaotisha zaidi kuliko Keller, kwa sababu wanafanana na sisi. Franklin anaburutwa hadi kwenye lile jengo, anaona, analia, anataka kujitoa. Anamweleza mkewe. Nancy anakwenda kujionea mwenyewe. Unadhani atapiga simu polisi. Anazungumza na Alex kwa upole, anamwonyesha picha ya mwanawe. Halafu anafikia uamuzi ambao Viola Davis anautamka kwa sauti ya chini sana: hawatamsaidia Keller, lakini hawatamzuia pia.

Keller amevunja sheria na anajua kwamba ameivunja. Nancy na Franklin wanataka matunda ya kosa bila tope la kosa. Filamu haiwaadhibu. Binti yao anarudi. Muongozaji hasemi neno, nawe unabaki na tope lao mikononi mwako.

Bob Taylor ni nani, na nyoka wanatoka wapi?

Bob Taylor ni yule anayekimbia kwenye mkesha wa mishumaa. Nyumbani kwake Loki anakuta kuta zimejaa michoro ya mzingile, na masanduku yenye nyoka na nguo za watoto zenye damu. Kila mtu anadhani kesi imekwisha. Kumbe damu ni ya nguruwe, na nguo nyingi alizinunua dukani. Bob naye aliwahi kuibwa na watu walewale, akatoroka, na tangu hapo anaigiza upya kilichompata, kama mtu anayejikuna kidonda. Anajiua kituoni kwa bastola aliyompokonya ofisa.

Nyoka, basi: mume wa Holly alikuwa akifuga nyoka. Holly mwenyewe anasimulia kwamba Alex aliacha kuzungumza kwa sababu ya ajali iliyohusiana na nyoka hao. Kidokezo kimewekwa mezani pamoja na chai, na hakuna aliyekiokota. Na mimi sikukiokota.

Mzingile ni nini hasa?

Ni mchoro wa vijia vilivyosokotana ambavyo ukiingia hujui pa kutokea. Katika hadithi ni alama ya mume wa Holly. Alikuwa akivaa kidani chenye mchoro huo, na watoto waliotekwa waliambiwa wakiweza kuutoka wataachiwa huru. Ile maiti iliyokutwa chini ya nyumba ya padri mlevi ilikuwa na kidani hicho shingoni: ndiye mume wa Holly. Alikwenda kwa padri kuungama kwamba ameua watoto 16 na ataendelea; padri akamfunga kamba akamwacha afe. Loki anaunganisha mambo siku anapoona picha ya marehemu nyumbani kwa Holly, kidani kikiwa kifuani.

Mchoro wa Bob hauna njia ya kutokea, nadhani umeliona hilo.

Mbona Loki anapepesa macho vile? Na zile chale na pete?

Gyllenhaal ndiye aliyembunia mhusika wake tabia hiyo ya kupepesa, na hakuna anayeieleza ndani ya filamu. Shati limefungwa kifungo hadi kooni bila tai, chale shingoni na vidoleni, pete ya Freemason. Tunaambiwa tu kwamba alikulia kwenye makao ya wavulana. Jina lenyewe ni la mungu wa hila katika hadithi za kale za Skandinavia, ingawa mtu huyu hana hila, ana ukaidi. Napenda kwamba hatuelezwi. Keller tunajua baba yake, sala zake, hata mitungi ya akiba aliyoipanga chini ya nyumba. Loki anakula Sikukuu ya Shukrani peke yake katika mgahawa wa Kichina, na hilo linatosha.

Mwisho wake: Keller alipona?

Tukumbushane. Holly anamlazimisha Keller kuteremka kwenye shimo uani, anampiga risasi mguuni, anafunika shimo na kulirudishia gari bovu juu yake. Loki anafika, anamuua Holly, anamkuta Anna amedungwa sumu. Anamkimbiza hospitali huku damu ikimtiririka jichoni, taa za magari zikiwa mabaka ya rangi kwenye kioo. Hizo dakika mbili mimi huzitazama nimesimama. Anna anapona.

Kule shimoni Keller amewasha kijitaa na kuiona filimbi nyekundu. Ya Anna. Usiku polisi wanachimba ua. Ardhi imeganda, wanaamua kupumzika. Loki anabaki peke yake. Filimbi inasikika, mbali sana. Anasikiliza. Anadhani ni upepo. Inasikika tena. Anageuza kichwa kuelekea sauti. Giza. Majina.

Alipona. Sina wasiwasi. Mtu aliyezunguka mji mzima kwa sababu ya kidani hawezi kuipuuza filimbi mara ya pili. Villeneuve alikata pale kwa sababu baada ya Loki kugeuka, kilichobaki ni kusogeza gari tu. Wanaosema ameachwa afe wananiudhi kidogo. Kwa nini basi tumsikie Loki akivuta pumzi na kunyamaza?

Kinachobaki wazi ni kingine: atatoka shimoni aende gerezani. Mkewe Grace anajua, na anamwambia Loki hospitalini kwamba mumewe ni mtu mwema. Kuteka na kutesa Marekani ni makosa mazito, na huruma ya watazamaji haimfuti mtu hatia.

Kwa nini filamu inaitwa "wafungwa", kwa wingi?

Watoto, Alex sandukuni, Bob na michoro yake, Keller shimoni, Grace na vidonge vyake vya usingizi. Baba yake Keller alikuwa askari magereza. Endelea kuhesabu mwenyewe.

Tuseme kweli: polisi wa Marekani wangemwachia Alex baada ya saa 48?

Ndiyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1991 kwamba mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mbele ya hakimu, kwa kawaida ndani ya saa 48, ili ionekane kama kuna sababu ya kumshikilia. Bila ushahidi anatoka. Na kipimo cha uongo alichopita Alex kisikubabaishe. Mahakama nyingi za huko hazikipokei kama ushahidi, na kwa haki: kinapima mapigo na jasho. Mtu asiyeelewa anachoulizwa hatoki jasho.

Ni kweli lazima ungoje saa 24 kabla ya kuripoti mtoto aliyepotea?

Si kweli, na filamu nyingi zimewadanganya watu kwa hili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza polisi kuweka muda wa kungoja mtoto anaporipotiwa. Filamu hii haikurudia uongo huo. Loki anaitwa usiku uleule, chakula cha sikukuu bado hakijamshuka.

Haraka hiyo ina sababu. Utafiti uliofanywa na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, uliosasishwa 2006, uliangalia watoto waliotekwa na kuuawa, ukakuta asilimia 76 kati yao waliuawa ndani ya saa tatu za kwanza. Ndiyo maana Keller anahesabu siku kwa sauti kubwa vile. Anajua hesabu haimpendelei.

Tangazo la AMBER ni nini?

Ni mfumo wa dharura wa kutangaza mtoto aliyetekwa kupitia redio, televisheni, mabango ya barabarani na sasa simu. Ulianza Texas baada ya Amber Hagerman, msichana wa miaka 9, kutekwa na kuuawa huko Arlington mnamo Januari 1996, na sheria ya mwaka 2003 ikauimarisha nchi nzima. Haupigwi ovyo: polisi wawe na sababu ya kuamini mtoto ametekwa, yuko hatarini, na kuna maelezo ya kutosha, kama vile aina ya gari. Karavani ya Alex ni aina ya maelezo ambayo mfumo huu ulibuniwa kwa ajili yake.

Watoto kuibwa na watu wasiowajua hutokea mara nyingi kiasi hiki?

Hapana. Kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa cha Marekani, kilichoanzishwa 1984, hupokea kesi nyingi kila mwaka. Sehemu kubwa mno ni watoto waliotoroka nyumbani. Wanafuata waliochukuliwa na ndugu, mara nyingi mzazi mmoja anapogombania malezi na mwenzake. Wanaotekwa na mtu wa nje ni takriban asilimia 1. Filamu imechagua hiyo asilimia 1 kwa sababu ndiyo inayotunyima usingizi, ingawa nayo ina ujanja wake. Kila mtu anamtazama mgeni mwenye karavani, na mwanamke anayemlea hakuna anayemgusa.

Nikiitazama mara ya pili niangalie nini?

Dakika 20 za mwanzo. Watoto wanne wanatembea mtaani, wawili wakubwa na wawili wadogo. Wadogo wanapanda ngazi ya karavani, kaka yake Anna anawashusha, na kutoka ndani unasikika muziki. Kuna mtu humo. Kisha jikoni, Anna anauliza juu ya filimbi. Mara ya kwanza sikulisikia swali hilo, nilikuwa namtazama Hugh Jackman. Mara ya pili nilimwona mtoto: amesimama, ameinua uso, anangoja baba amjibu.